Kiatu cha Maria Barazani

Juma lililopita, watu walipokuwa wakitoka Misani, mama mmoja wa hapa Kapalata alitujia amebeba sufuria kuukuu iliyofunikwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mmea mdogo wenye majani manne, mawili yamekwisha kugeuka manjano, na shina lake linanuka uozo. Aliletewa na mwanawe aliyerudi kutoka Ubelgiji. Siku ulipofika ulikuwa na ua moja la ajabu, lenye mfuko mbele kama ncha ya ndara, na majirani wote walikuja kulitazama. “Mwalimu,” alisema mama huyo, “naumwagilia maji asubuhi na jioni, nao wazidi kufa. Nimekosa nini? Mwanangu akirudi nitamwonyesha nini?”

Hakukosa ila kwa wema uliopita kiasi. Nasi hatuwezi kumcheka, kwa kuwa tulilitenda kosa lilo hilo tulipokuwa vijana: tuliokota okidi katika mti ulioangushwa, tukaipanda katika debe la udongo mweusi kama mche wa nyanya, tukainywesha kila siku. Haikuishi mwezi mmoja. Kwa hiyo tumeona yafaa kuueleza mmea huu kwa wasomaji wote, maana twajua kuna wengine walio na zawadi ya namna hii nyumbani.

Kwanza jina. Watu wa Ulaya wa zamani, walipoliona ua la aina hii katika misitu yao, waliliita kiatu cha Maria, kwa heshima ya Mama wa Mungu. Baadaye, mwaka 1753, mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alilipa jina la kitaalamu lenye maana ya kiatu cha Venus, na Wafaransa hata leo husema sabot de Vénus. Wajerumani wao husema tu kiatu cha Bibi. Sisi katika safu hii twachagua jina la zamani.

Ila okidi zile za Ulaya si hii ya mama yetu. Zinazouzwa katika vyungu huitwa Paphiopedilum, na kwao ni Asia: kuanzia Bara Hindi, kupita Thailand na Vietnam, mpaka visiwa vya Indonesia na Guinea Mpya. Barani Afrika haimei porini hata aina moja ya okidi zenye kiatu. Basi ni mgeni kabisa, na mgeni hutunzwa vema na yule ajuaye alivyoishi kwao.

Kwao huishi chini ya miti mikubwa, juu ya majani yaliyooza, au katika nyufa za mawe. Mizizi yake ni michache, minene, yenye manyoya, nayo yataka hewa kama vile inavyotaka maji. Udongo wa shamba ukilowa hushikamana, hewa hutoka, mizizi huoza. Na mizizi ikioza majani hunyauka. Hapo mwenye mmea huona mnyauko, akadhani ni kiu, akaongeza maji. Ndivyo zinavyokufa nyingi.

Lakini asije mtu akaukausha. Okidi nyingi za miti yetu zina mashina yaliyovimba kama vitunguu, ambayo huweka akiba ya maji kwa siku za jua. Hii haina akiba hiyo. Yapasa chungu chake kiwe na unyevu siku zote, wala kisiwe na tope hata siku moja.

Tengeneza hivi. Tafuta chungu kidogo, au kopo, ukalitoboe matundu mengi chini. Vunja makaa ya kupikia yawe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi au kuzidi kidogo, uchanganye na vipande vya maganda makavu ya mti, udongo usitie. Osha makaa kwanza, vumbi lake litoke. Weka mmea, usiuzike shingo. Mwagilia asubuhi, maji yapite yote chini, kisha ngoja mpaka ukitia kidole ndani usikie ubichi mdogo tu. Hapa Kisangani, ambapo mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, pengine mara mbili kwa juma zatosha. Mwezi wa Januari na wa Februari, mvua zipunguapo, utaongeza. Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote, kwa kuwa hayana chumvi za ardhini. Maji yasilale katikati ya majani wakati wa usiku, maana hapo ndipo uozo huanzia. Wala usiache kisahani chenye maji chini ya chungu: mbu watazaa humo, na homa mnayo ya kutosha.

Mahali pake ni barazani, upande wa jua la asubuhi, mbali na jua la mchana. Majani yakiwa ya kijani kibichi chenye giza, mwanga haumtoshi. Yakiwa ya manjano-manjano, umezidi. Zaidi ya hayo, tazama rangi ya majani kabla hujatumaini ua. Zile zenye majani ya madoadoa kwa kawaida hupenda joto, na zitakubali hewa yetu. Nyingi za zile zenye majani ya kijani kitupu zatoka milimani, nazo zahitaji usiku wa baridi ndipo zichanue. Bukavu zaweza kufaulu. Huku kwetu, ambako usiku nao ni wa joto, zitaota majani miaka mingi bila ua. Wa mama yetu, kwa bahati njema, una madoadoa.

Kila chipukizi huchanua mara moja tu, kisha huzaa vichipukizi pembeni, na hivyo ndivyo vitakavyotoa maua mengine. Usikate chipukizi la zamani kwa kuwa limemaliza kazi. Bado lawalisha wadogo zake. Na usigawe mmea mpaka kila fungu lipate machipukizi matatu.

Wanafunzi wameuliza kiatu chenyewe ni cha nini. Ni mtego. Mdudu hudanganywa na rangi na harufu, akatumbukia mfukoni, wala hapati asali hata tone. Kuta za ndani zateleza. Njia ya kutokea ni nyembamba, nyuma ya ua. Apitapo humo hugusa kwanza sehemu ipokeayo chavua, kisha hupakwa chavua mpya mgongoni. Akidanganywa tena katika ua la pili, uzazi umetimia.

Sasa lipo jambo lililotushughulisha zaidi. Baada ya kuiona sufuria ile, vijana wawili walituambia watakwenda msituni kutuletea okidi za kwetu tele. Ni kweli misitu ya Tshopo inazo: nyingine ina majani yaliyopangana kama msuko wa nywele na vimaua vyeupe, na nyingine humea katika mashina ya michikichi. Lakini tuliwazuia. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake. Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba haioti ila ikisaidiwa na kuvu. Kutoka mbegu mpaka ua hupita miaka kadhaa. Aking'oa mtu mmoja kwa dakika moja, msitu hauurudishi upesi. Tena uko mkataba wa mataifa uliofanywa Washington mwaka 1973, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976: okidi hazivushwi mpaka bila hati, na zile za Paphiopedilum zilizotoka porini haziuzwi kati ya nchi na nchi hata kidogo.

Hata hivyo, kila siku miti huangushwa kandokando ya mji kwa mashamba na kwa makaa, na okidi zilizo juu yake huungua pamoja na matawi. Hizo ndizo tulizowaruhusu vijana kuziokota, tena kwa ruhusa ya mwenye shamba. Wazifunge kwa uzi katika tawi la mwembe wa nyumbani, kivulini, bila udongo wowote. Mizizi itashika yenyewe.

Na mmea wa mama? Tuliutoa sufuriani, tukakata mizizi yote iliyooza kwa kisu kilichopitishwa motoni. Ilibaki mizizi miwili mizima na majani mawili. Tumeupanda katika makaa, nao uko barazani kwake. Tulimwambia wazi kwamba waweza kufa bado, na ya kuwa ukipona ua halitaonekana mwaka huu, na pengine hata mwaka ujao. Alitusikiliza, akauliza kama mchana huo autie maji. Tukamjibu: kesho kutwa, Mama, asubuhi.