Mwanamuke peke yake porini: tunauliza swali mbaya

Wandugu wachimbaji, bamama na batoto wa kambi,

Siku moja muke wa mwenzetu alirudi kutoka pori bila mufuko wake wa makala. Kitambaa kimepasuka, muguu unatoka damu. Watu walimuvamia kwa njia. Jioni tulikutana, sisi wanaume wa chama cha wafanyakazi, na swali letu la kwanza lilikuwa hili: “Alienda kutafuta nini kule peke yake?” Hakuna aliyeuliza ni nani walimupiga.

Swali lile tulilipata tungali batoto. Kwa masomo, wengi wetu tulisoma hadithi ya Charles Perrault, Mufaransa, aliyoitoa mwaka wa 1697: Le Petit Chaperon rouge. Kibinti mwenye kofia nyekundu anapita porini, anakutana na mbwa mwitu, na mwisho analiwa. Kisha fundisho: mabinti wasimusikilize kila mutu. Mbwa mwitu haambiwi kitu.

Lakini tuisome tena vizuri. Kibinti hakuenda kutembea ovyo. Mama yake alimutuma apeleke mukate na siagi kwa nyanya yake mugonjwa. Ile ni kazi. Tena, pale porini mbwa mwitu alikuwa na njaa, lakini hakusubutu kumula, juu wakata miti walikuwa karibu. Alimulia ndani ya nyumba, mahali hapakuwa mutu wa kumuona.

Wachoraji nao wana mwanamuke wao wa porini. Henri Rousseau, aliyefanya kazi ya ushuru kule Paris, alimuchora mwaka wa 1905 akitembea katika pori la nchi za joto. Nguo ndefu ya rangi ya waridi, matunda makubwa juu ya miti. Kichwani hana muzigo, mugongoni hana mutoto. Rousseau hakutoka Ufaransa hata siku moja. Majani yale aliyaona katika bustani ya Paris. Picha ni nzuri, hatukatai. Lakini kwetu Katanga mwanamuke hatembei porini namna ile. Anafuata kuni, bowa, finkubala, makala. Na kwa sababu miti ya karibu imekatwa, kila mwaka anatembea mbali zaidi.

Muke wa mwenzetu alienda pori juu mushahara wa miezi miwili ulikuwa haujalipwa. Sisi wote tulijua vile, na bado tulimuuliza yeye.

Basi tunaomba mambo matatu. Bamama waende kwa kikundi, na sisi ambao hatuko kazini siku ile, wawili ao watatu, tuwasindikize. Delege wetu waandike usalama wa njia ya pori kwenye karatasi ya madai, pamoja na kofia na mabuti, na mushahara wa kulipwa kwa siku yake. Na mwanamuke akivamiwa, kwanza tumupeleke kwa munganga, kisha tuulize: nani alifanya vile?

Wakata miti wa Perrault hawakupigana na mutu. Walikuwa wanakata miti yao tu, karibu na njia, na kibinti akapita. Hata sisi tunaweza kufanya ile.