Somo Likae Wapi Katika Mchezo wa Kompyuta?

Michezo ya kompyuta idaiwayo kufundisha imekuwa mingi, na mwalimu atakiwaye kuichagulia shule yake aghalabu huvutwa na rangi, sauti na maksi ambazo mchezaji hujipatia. Kwa maoni yangu, yafaa kwanza aangalie mahali ambapo somo lenyewe limewekwa.

Chukua mathalani mchezo uitwao Zombie Division, ambao Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth waliutumia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Mchezaji hupigana na viunzi vya mifupa vitembeavyo. Katika namna ya kwanza, kila kiunzi kimeandikwa namba kifuani, na kila pigo lina namba yake. Pigo la 3 hukiangusha kiunzi cha 12, kwa kuwa 12 hugawanyika kwa 3 bila kubakiza. Kiunzi cha 14 halikidhuru. Katika namna ya pili mapambano ni yale yale, ila vifuani mna alama tupu, na maswali ya kugawanya huulizwa baada ya kila hatua.

Watoto waliocheza namna ya kwanza walijifunza zaidi, ingawa wote walipewa saa mbili. Kundi jingine lilipoachiwa kuchagua, liliicheza namna hiyo kwa muda upatao mara saba ya ule wa namna ya pili. Mimi sishangai. Mchezaji wa bao hahesabu kete ili aruhusiwe kucheza; kuhesabu ndiko kucheza kwenyewe.

Yumkini msomaji atasema kwamba watoto 58 katika jaribio la kwanza, na 16 katika la pili, ni wachache. Ni kweli, tena walikuwa wa shule ya msingi. Isitoshe, mwalimu aliwaongoza kuyatafakari waliyoyafanya. Kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba mashine yatosha peke yake.

Hata hivyo, kipimo chenyewe ni rahisi, na wanafunzi wa kidato cha pili wangeweza kukitumia kabla shule haijatoa fedha. Waondoe hesabu zote katika mchezo, kwa mawazo tu, kisha waulizane kama mchezo ungeweza kuendelea. Ukiendelea vizuri pasipo hesabu, fedha hizo zinunue vitabu.