Kwa Nini Mtu wa Kompyuta Achimbe Fanya Juu?

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wengine wenu mmeshaanza kuuliza kama kompyuta yangu imeibwa. Haijaibwa. Iko hapa mezani, inapata umeme kutoka kwa sola, na nje mbuzi wawili wanalia kana kwamba hawakulishwa asubuhi. Mwaka mmoja umepita tangu mimi, mke wangu na binti yetu mdogo tulipotoka kwenye nyumba ya kupanga kule Mlolongo tukaja kuishi na mama kwenye shamba la familia, ekari mbili na nusu, upande wa Mwala hapa Machakos.

Swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye aliniuliza kwa simu huku akicheka: "Yaani ulisomea sayansi ya kompyuta miaka minne ili ukapande ndengu?" Leo nataka kumjibu yeye na wengine wenye swali hilo.

Kwanza niwaambie kilichotokea. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mteja mmoja wa ng'ambo ambaye pesa zake ndizo zilizokuwa karibu mapato yangu yote. Akaanza kuchelewesha malipo. Mwezi wa kwanza nikavumilia, wa pili nikakopa, wa tatu nikawa naandika barua pepe za kuomba kama mtu anayeomba hisani, ilhali kazi nilikuwa nimeifanya na ilikuwa inatumika. Kibaya zaidi ni kwamba niliendelea kumfanyia kazi. Sikuweza kusema hapana. Kodi ya nyumba, unga, maji ya mtungi, gesi na bando la intaneti, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye uzi mmoja, na ule uzi alikuwa ameushika mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Sisi waandishi wa programu tunafundishwa mapema kabisa kuuogopa mfumo wa namna hiyo. Ukiwa na seva moja tu, siku ikizima umezimika nayo. Ndiyo maana tunaweka nakala ya akiba, tunaweka seva ya pili, tunajiuliza kila mara: hiki kikifa, nini kinabaki? Usiku mmoja nikajiuliza swali hilo kuhusu nyumba yangu mwenyewe. Jibu lilikuwa: hakibaki kitu.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana najua mnazipenda.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, ni lita moja ya maji. Paa letu la mabati ni mita za mraba 60. Tuseme msimu wa vuli umeleta milimita 250: hizo ni lita 15,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na yale ya kwanza yanayosafisha vumbi, unabaki na lita 12,000. Tangi letu linabeba 10,000. Tuko watu wanne, na tukitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, tangi lililojaa linakaa siku 125. Likijaa mwishoni mwa Desemba linatufikisha mwisho wa Aprili, na masika huanza Machi. Hapo programu inafanya kazi vizuri. Lakini likijaa mwishoni mwa Mei, linakauka mwanzoni mwa Oktoba, na vuli bado haijaanza. Hitilafu yangu iko hapo, Oktoba, na mwaka huu sijaweza kuirekebisha. Tulichota maji mtoni.

Unga nao una hesabu yake. Nyumba yetu inakula karibu kilo moja kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 90 ni la miezi mitatu, na magunia manne ni ya mwaka. Ekari moja ya mahindi ilitupa magunia matano msimu mmoja, na msimu uliofuata mawili kasoro. Sitajirika kwa magunia saba. Lakini mnakumbuka Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, serikali ikaishusha kwa ruzuku hadi 100 kwa wiki chache kabla ya uchaguzi? Watu walipanga foleni, na maduka mengi hayakuwa na unga huo. Mwenye mahindi ghalani aliyasikia hayo kwenye redio tu.

Hoja yangu basi ni hii: familia isichague maisha ya kujitosheleza kwa kuwa mji ni mbaya au teknolojia ni mbaya. Ichague ili ipate uwezo wa kukataa. Sijaacha kuandika programu. Ninaandika kila siku, tena vizuri kuliko zamani, kwa sababu mteja akinicheleweshea malipo leo nasimamisha kazi siku hiyo hiyo, na jioni tunakula muthokoi kama kawaida.

Wala hili si wazo langu. Wakamba wamelijua kabla babu yangu hajazaliwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu, kwa hoja kwamba ng'ombe wanaharibu udongo. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwenda Nairobi kukataa. Serikali ikamkamata na kumpeleka kizuizini Lamu, lakini mpango wa kuwanyang'anya watu mifugo ulirudi nyuma. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki ya mtu, na mtu aliyenyang'anywa benki yake hana la kukataa tena.

Tukubali pia kwamba udongo ulikuwa unaharibika kweli. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiandika Machakos kama nchi inayokufa, milima iko uchi na makorongo kila mahali. Wakati huo wilaya nzima, pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu karibu robo milioni. Kufikia sensa ya 1989 walikuwa milioni 1.4. Ungetarajia wangekuwa wameimaliza ardhi kabisa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki wakatoa kitabu, More People, Less Erosion, kikionyesha kinyume chake: watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Siri mojawapo ni fanya juu. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, na mvua baada ya mvua shamba lililoinama linakuwa ngazi. Maji yanakaa, udongo haukimbii.

Sasa msomaji, sikiliza hapa. Pesa za kuchimba zile fanya juu zilitoka wapi? Nyingi zilitoka mjini. Mtu alikuwa polisi, karani au mfanyakazi wa reli, akatuma mshahara nyumbani, shamba likatengenezwa. Kwa hiyo Machakos haikuokolewa na watu waliojitenga na dunia. Iliokolewa na familia zilizokuwa na mguu mmoja mjini na mmoja shambani. Mimi nimebadilisha tu njia: mshahara unapitia kwenye intaneti, mguu wangu uko Mwala.

Na ninyi marafiki wa programu huria, mbegu ni habari yenu pia. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa katika miaka ya 1960 na kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos, unaweza kuvuna, ukachagua mahindi mazuri, ukapanda tena. Yale ya chotara ukiyarudia hayakupi mavuno yale yale, inabidi ununue kila msimu, kama programu ya leseni. Tangu marekebisho ya sheria ya mbegu ya 2012, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa alikuwa hatarini kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu, hapa hapa Machakos, ikatamka kwamba vipengele hivyo vinakiuka katiba. Mama alipoisikia habari hiyo alishangaa. Hakuwa amejua kwamba kibuyu chake cha mbegu za kunde kilikuwa kosa la jinai.

Lakini sitaki mtu auze kochi lake kesho aje Ukambani kwa sababu yangu. Kuna mambo ya kuogopa.

La kwanza ni ghala lenyewe. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 wakafa. Wengi walikula mahindi waliyolima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa na unyevu. Chakula chako kinaweza kukuua kama hukijui. Sisi tunaanika hadi yakauke kabisa, juu ya turubai na si juu ya udongo, kisha tunayatia kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Yakinuka uvundo hayaliwi, hata na kuku.

La pili ni ukame. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikatika msimu baada ya msimu katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Mwaka kama huo shamba linakuwa ndilo seva iliyozima, na kompyuta ndiyo inayotulisha. Karo na hospitali navyo havilipwi kwa ndengu.

La tatu aliniambia mke wangu, na ndilo lililotaka kuvunja safari. Nilipomweleza mpango wangu kwa michoro na mishale, alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Baba, mimi sikatai shamba. Nakataa kuwa punda wa ndoto yako." Alikuwa amelelewa na mama aliyebeba maji mgongoni kilomita nyingi kila siku, na alijua kujitegemea kwa mwanamume mara nyingi ni mgongo wa mwanamke. Akaweka sharti: tangi kwanza, kuhama baadaye. Tukakaa Mlolongo miezi minane zaidi tukiweka akiba ya tangi. Ilipofika Oktoba na tangi likakauka, aliyekwenda mtoni na mitungi ni mimi.

Na kule mtoni ndiko nilikopata somo langu la mwisho. Maji niliyochota yako kwenye bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji uliokatiza mto wa msimu. Mchanga umejaa nyuma yake na maji yamejificha ndani ya mchanga, jua haliyafikii. Kikundi cha Utooni, alichokianzisha Joshua Mukusya mwaka 1978, ni miongoni mwa vilivyoeneza mabwawa haya Ukambani. Letu lilijengwa na mwethya, majirani wakibeba mawe kwa zamu, mama akiwa mmoja wao. Mimi sikuwapo, wala sikuchangia jiwe hata moja, na maji nikayakuta.

Kwa hiyo jina lenyewe, kujitegemea, linadanganya kidogo. Hakuna anayejitegemea peke yake hapa. Umechagua tu unaowategemea, nao wanakujua kwa jina, na wewe unajua zamu yako ya mawe ni lini. Yangu ni Jumamosi hii. Ukuta una ufa upande wa kushoto.

Rafiki yangu wa ndengu, nadhani nimekujibu. Sasa nawe nijibu: chanzo chako cha pesa kikizima kesho asubuhi, jikoni kwako kunabaki nini?