Gemu ya bure inalipiwa wapi?

Ndugu mzazi, maswali mengi ninayopokea kuhusu gemu ni ya aina moja: mtoto acheze saa ngapi kwa siku? Ni swali zuri. Lakini kuna jingine ambalo sijaulizwa hata mara moja, nalo linagusa mfuko wa familia moja kwa moja: gemu anayocheza inalipiwaje?

Mimi naandika habari za afya, ila gemu nazijua kwa kuzicheza. Nilianza nikiwa darasa la tatu hapa Bweri, kwenye kibanda chenye televisheni ya chogo na PlayStation 2, na hadi leo nikitoka kazini hushika pedi. Kwa hiyo usitegemee nikuambie gemu ni shetani. Kibandani nilijifunza kusubiri zamu, na kufungwa tano bila kununa.

Wakati ule tulilipia mechi. Unatoa shilingi mia, unacheza FIFA, ukifungwa unampisha mwenzako. Hela ikiisha, mchezo umeisha, unarudi nyumbani kuchota maji. Mwenye kibanda naye alinunua CD mara moja, na timu zote na wachezaji wote walikuwa mle ndani. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi walicheza gemu ileile.

Leo biashara imegeuka. Gemu nyingi za simu, kama Free Fire na eFootball, hupakuliwa bure, kisha duka linafunguliwa ndani ya gemu. Kwenye Free Fire hela halisi hugeuzwa kuwa almasi, na almasi hununua nguo za mhusika na urembo wa bunduki. Mtoto haoni shilingi zinazotoka, anaona almasi zinazopungua. Pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: ofa inaisha usiku huu! Na asiye na vazi jipya huchekwa na wenzake darasani.

Kinachonisumbua zaidi ni masanduku ya bahati. Mchezaji analipa bila kujua atapata nini. Leo kapata takataka, kesho huenda akapata kitu adimu, basi anarudia. Zawadi isiyotabirika huifanya akili itake kujaribu tena, na mashine za kamari hutumia mbinu hiyohiyo. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya aina hiyo yanayouzwa kwa hela ni kamari, na mwaka uliofuata pointi za FIFA zikaacha kuuzwa nchini humo. Hapa kwetu mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Lakini sanduku la bahati anaweza kulifungua akiwa amejifunika shuka.

Mimi mchezaji wa siku nyingi nina msimamo wangu. Gemu kubwa mpya huuzwa ghali. Bei inauma, lakini unaiona kabla ya kulipa, na ukishalipa umemaliza. Gemu ya bure haikuambii utalipa jumla ya kiasi gani, na ulichonunua humo huwezi kumwazima jirani kama tulivyoazimana CD.

Kwa familia zetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu simu anayochezea mtoto mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye mtaji wa mama anayeuza dagaa Mwigobero, hela ya kikoba na nauli ya kesho. Namba ya siri mtoto anaijua kwa sababu ndiye anayetumwa kwa wakala.

Likitokea, usikimbilie fimbo. Januari 2014 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana kampuni ya Apple irudishe zaidi ya dola milioni 32 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu bila ruhusa. Kama wazazi wa huko walinaswa, mtoto wako si mwizi wa ajabu. Duka limewekwa mkononi mwake.

Hatua za kuchukua ni chache. Badilisha namba ya siri, na mtoto asiijue mpya. Kwenye Play Store, ingia sehemu ya mipangilio, uwashe uthibitisho wa kila ununuzi, ili simu idai nywila kwanza. Usiunganishe kadi au laini yenye hela zako na simu ya kuchezea. Kama unataka kumzawadia, taja kiasi kwa shilingi, akiishamaliza asubiri mwezi ujao. Na kama kuna kibanda unachokifahamu, kwenye mwanga, chenye mtu mzima anayeheshimika, jioni ya Jumamosi kwa hela ya mechi tatu ni nafuu kuliko almasi.

Tusichanganye mapenzi na maradhi. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, na dalili ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Ukiziona zote, mpeleke kituo cha afya, zungumza na daktari.

Kwa wengine wote, leo usiku keti karibu na mwanao, mwambie akuoneshe duka lililomo ndani ya gemu yake. Muulize kila kitu ni shilingi ngapi. Mkokotoe pamoja, kwa karatasi na kalamu.