Amu Wakati wa Maulidi

Hapa kwetu Kitisuru kuna watoto walioiona Dubai mara tatu na hawajawahi kuvuka maji kwenda Lamu. Siwalaumu wazazi wao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita miaka 30 nilipokwenda mara ya kwanza, tena nilivutwa na habari za mbio za punda. Nilimchukua mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye mamake alikuwa amechoka kumwona mbele ya televisheni.

Kuna njia mbili za kufika. Ukiwa na pesa, unapanda ndege uwanja wa Wilson, unatua Manda na mashua inakuvusha. Usipokuwa nazo, ni basi hadi Mombasa, kisha Malindi, Garsen, Witu na Mokowe, ndipo uingie mashuani. Barabara hiyo usiiendee kichwa mchunga. Mwezi wa Juni 2014 watu wengi waliuawa Mpeketoni, na mashambulizi mengine yakafuata. Kabla ya kukata tikiti, uliza hali ya usalama.

Wenyewe mji wao huuita Amu. Mitaa ni myembamba mno, mizigo hubebwa na punda, na mpwa wangu alimaliza saa nzima akiuliza magari yameegeshwa wapi. Shirika la UNESCO liliuandika mji huu mkongwe kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Ngome yake ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na bado imesimama katikati ya mji.

Sasa tuje kwenye sherehe, maana hapa ndipo wageni wengi hukosea. Ziko mbili. Tamasha la utamaduni lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kwa kawaida hufanyika Novemba. Hilo lina mashindano ya majahazi, punda, bao na kupaka hina. Kodoa macho na upige picha utakavyo, limewekwa kwa ajili hiyo. Maulidi ni jambo jingine. Hayo ni ibada ya kukumbuka kuzaliwa kwa Mtume, na kilele chake Amu huwa mwisho wa Mfungo Sita. Mwezi huo hufuata hesabu ya mwandamo, kwa hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Usitegemee kalenda ya mwaka jana.

Kitovu chake ni msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni, ulioasisiwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19. Huyu alikuwa sharifu mwenye asili ya Ngazija. Aliwasomesha dini maskini na watu waliotoka utumwani, akaruhusu matwari yapigwe katika maulidi. Wapo wakubwa wa mji waliomkunjia uso. Leo kaburi lake huzuriwa na watu kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki, na siku hizo utaona goma, wanaume wa kanzu wakiyumba kwa safu na bakora zao, na kirumbizi, ambapo vijana hupigana kwa fimbo huku ngoma ikilia.

Mimi, kwa ushamba wangu wa Nairobi, nilifika usiku ule uwanjani nimeinua simu kama bendera. Wanaume walikuwa wameketi upande wao, wanawake upande wao, wote katika kisomo. Mpwa wangu alisimama kando yangu katika suruali fupi. Mzee mmoja alitutazama kwa muda, kisha akamwita kijana kwa upole: "Ndoo, mwanangu."

Kijana akaangaza macho chini, akitafuta ndoo ya maji. Watoto wa madrasa wakacheka mpaka wakashikana. Kwa Kiamu, ndoo ni njoo, njia ni ndia, na mji ni mui. Ndiyo maana barabara yao kuu huitwa Usita wa Mui. Niliona aibu imempanda kijana, naye ni mwana wa Kenya anayepata alama nzuri za Kiswahili shuleni. Nilidhani ataniomba turudi hotelini.

Mzee alimpa kikoi ajifunge, akamketisha kati ya wale wale waliomcheka. Nami nikaitia simu mfukoni na kuketi nyuma. Kufikia katikati ya usiku mmoja wao alikuwa akimwonyesha jinsi ya kuishika twari. Baadaye tuliletewa sinia ya pilau, tukala wanne wanne kwa mkono. Sina hata picha moja ya usiku ule.

Basi ukienda, wanaume chukueni kanzu au kikoi, akina mama leso na nguo za kusitiri, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Wanafunzi wanaotokwa jasho na *Al-Inkishafi* darasani waende kwa masikio wazi. Utenzi ule ulitungwa katika lugha ya huku, na maneno yanayohitaji kamusi Nairobi hapa huuzia samaki.

Siku ya kuondoka tulifika gatini mapema. Nahodha alipopaza sauti kwa abiria, "Ndooni!", mpwa wangu alikuwa wa kwanza kuingia mashuani.