NAFAKA SI POSHO



Neno likishazoeleka kinywani, watu huacha kuliuliza lilikotoka. Neno la namna hiyo ni "nafaka". Mkulima hulisema, mchuuzi hulisema, na serikali huliandika katika hesabu za maghala yake. Ukimwuliza mtu maana yake atakutajia mahindi, mtama, mpunga, ngano, uwele na ulezi. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikutimia. Yafaa tulichambue neno hili, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sote tulimao na tulao.

Nafaka ni neno tulilopata kwa Waarabu. Kwao "nafaqa" si mahindi wala mtama. Ni matumizi, yaani mali itolewayo ili kuwatunza watu. Katika sheria ya Kiislamu nafaqa ni haki ya mke na watoto juu ya mwenye nyumba: chakula, mavazi na mahali pa kulala. Asiyeitoa aweza kushtakiwa mbele ya kadhi. Watu wa pwani walipolichukua neno hili wakaliweka juu ya kitu ambacho kwao ndicho kilikuwa matunzo yenyewe, yaani punje zilizowekwa ghalani. Na zamani punje hizo zilitumika pia sokoni badala ya sarafu ndogo. Kwa hiyo nafaka ilikuwa chakula, tena ilikuwa akiba, tena ilikuwa fedha.

Kila taifa lina njia yake ya kutaja kitu hiki. Waingereza wana jina litokanalo na Ceres, ambaye Warumi wa kale walimwabudu kama mungu wa kike wa mavuno. Jina lao lamtaja atoaye mavuno. Letu lawataja wale wanaotegemea mavuno hayo: mke, watoto na wazee. Anayesema nafaka amesema wajibu.

Sasa tuliweke kando yake neno la pili, nalo ni "posho". Wako wadhanio kwamba posho ni Kiingereza kilichoharibika. Lakini neno hili lilikuwa vinywani mwa wapagazi katika karne ya 19, kabla bendera za Ulaya hazijatwekwa katika nchi zetu. Wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipewa posho yao njiani, na kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Pasipokuwa na nafaka walipewa nguo au shanga wakajinunulie wenyewe vijijini. Posho basi ni chakula apimiwacho mtu na yule anayemtumikisha.

Wakoloni walilipenda sana neno hili. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waafrika wengi walikamatwa wakachukue mizigo ya majeshi, na posho yao ilikuwa zaidi unga wa mahindi. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, kwa uchovu na kwa chakula kibaya. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi hicho cha wachukuzi. Baadaye posho ikaingia katika mashamba makubwa na migodini. Katika mashamba ya mkonge vijana wa Kiha na wa Kibena, wale walioitwa manamba, walipewa unga na maharage, na gharama yake ikahesabiwa kuwa ni sehemu ya ujira wao. Hivyo mshahara wa fedha ukabaki mdogo.

Tazameni sasa tofauti iliyopo. Posho kwa kawaida ilipimwa kwa mtu mmoja afanyaye kazi. Mkewe aliyebaki nyumbani, mtoto wake na mama yake mzee hawakuwamo katika kibaba kile. Nafaka huanza na hao. Mtu wa posho hula kwa kuwa amemtumikia mwingine, na kipimo kimo mkononi mwa mpimaji. Mtu wa nafaka hula kwa kuwa amelima na kuweka, na ufunguo wa ghala anao yeye.

Neno hilo nalo halikukaa mahali pamoja. Huko Uganda posho ni ule ugali wenyewe, na wanafunzi wengi wamekua kwa posho na maharage. Huko Kenya watu hupeleka mahindi kwenye mashine ya posho yakasagwe. Hapo hapana ubaya, maana chakula ni chakula. Hapa Tanzania posho imekuwa ni fedha ya vikao na safari, na mwaka 2011 wananchi walibishana sana juu ya posho za wabunge. Sisi tulio viongozi wa chama tujitazame pia. Kiongozi afikaye kijijini akauliza habari za posho ya kikao kabla ya kuuliza habari za mavuno, huyo amekwenda kupimiwa, hakwenda kutunza.

Lakini hatari kubwa zaidi iko mashambani kwetu. Mahindi yakikauka, magari ya wanunuzi hufika vijijini. Wapo wauzao hata yakiwa bado mabichi shambani, kwa bei ya mwenye shida. Gunia hushindiliwa na kuongezwa kilemba juu yake, hiyo lumbesi ambayo sheria ya vipimo yaikataza, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Miezi sita baadaye mtu yule yule yuko dukani ananunua unga kilo kwa kilo, kwa bei iliyopanda. Alikuwa na nafaka, akajigeuza kuwa mtu wa posho, tena posho ya kununua.

Watu watasema: mkulima hauzi kwa kupenda, ana mahitaji ya watoto wa shule, ana mgonjwa, ana deni. Ni kweli, wala hatumlaumu. Hatusemi asiuze. Twasema ahesabu kwanza. Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mmoja kwa wastani anakula nusu kilo kwa siku. Hizo ni kilo 3 kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 1,095, yaani karibu magunia 11 ya kilo 100. Magunia hayo ndiyo nafaka kwa maana yake ya asili, ni haki ya watu wa nyumba. Yanayozidi hapo ndiyo biashara. Na kama mavuno hayafiki magunia 11, ni heri nyumba nzima ijue mapema, baba na mama wakae pamoja wapange, kuliko kuuza gizani.

Mtu mmoja peke yake hashindi gari la mnunuzi. Kwa hiyo yapasa wanachama wa kila kijiji wafanye mambo matatu. Kwanza, wawe na ghala la pamoja lenye hesabu zinazosomwa mbele ya watu wote. Pili, mizani itumike kwa kila gunia, na lumbesi ikataliwe na wote, maana akikubali mmoja wote wameshindwa. Tatu, ushirika uwe na fedha za kumkopesha mwenye shida wakati wa mavuno, ili asiuze chakula cha watoto kwa sababu ya deni la wiki mbili. Viongozi wa matawi waulizwe habari ya mambo haya katika mkutano, na wajibu kwa hesabu, si kwa hotuba.

Ndugu, mavuno yakija, kabla gari la kwanza halijaingia kijijini, hesabu magunia ya nyumba yako uyaweke kando.