Nyumba ya kwanza isimeze uwanja wa watoto

Mfanyabiashara mdogo aliyedunduliza miaka mingi, siku anapopata nyumba ya kwanza huhesabu vyumba. Kisha huhesabu fremu za duka zinazoweza kuingia mbele. Uwanja wa watoto haumo katika hesabu.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiulizwa utoto wake, hataji vyumba. Hutaja kombolela wakati wa mbalamwezi, rede, gololi na chandimu ya mpira wa makaratasi. Yote yalichezwa nje, mahali ambapo hapakulipiwa hata senti.

Leo mahali hapo pana bei. Katika makazi yasiyopimwa, kila mmoja hununua kipande na kujenga hadi mpakani. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Watoto hubaki kucheza barabarani pamoja na bodaboda.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afike ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuangalia mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, kama upo. Mchoro huonyesha kipi ni kiwanja cha makazi na kipi ni eneo la wazi. Anayeuziwa eneo la wazi yuko hatarini kuvunjiwa nyumba, na watoto wa mtaa mzima wamekwisha kupoteza uwanja.

Ni kweli, kuacha nafasi ni kukosa kodi ya fremu moja. Lakini fremu inaweza kujengwa hata baada ya miaka kumi. Utoto hausubiri.